Saa Ishirini za Tres Pozos

Aliyeandika saa ile kwenye daftari ni mimi, Ofelia Barragán, na sijawahi kumsingizia mtu mwingine. Watu wa Tres Pozos wananiambia niache kulirudia jambo hili, limeshapita. Kwao huenda limepita.

Mwaka ule wa ukame nilikuwa mratibu katika kliniki ya mji wa Hanley. Kazi yangu ilikuwa makaratasi, simu na ratiba. Sikuwa nesi wala daktari. Lakini Tres Pozos ndiko nilikozaliwa, katika nyumba ya nyuma ya pampu ya maji, baba akiwa mchumaji wa lozi. Kutoka kijijini hadi Hanley ni mwendo wa karibu saa nzima kwa gari, na basi ni moja tu: linaondoka alfajiri na kurudi jioni. Mtu akitaka kupimwa presha ya dakika tano, siku yake nzima ya kazi imekwenda. Kwa hiyo watu hawakupimwa. Mama yangu ni mmoja wao, naye nilimzika.

Nilimbembeleza mkurugenzi wetu, Daktari Prewitt, kwa miaka mitatu. Mwishowe akakubali tufungue tawi kijijini.

Sheria ya jimbo ilikuwa hivi: kliniki yenye leseni inaweza kufungua tawi mahali pengine bila kuomba leseni nyingine, mradi tawi hilo lisifanye kazi zaidi ya saa ishirini kwa wiki. Ukizidisha, hilo si tawi tena. Ni kliniki kamili, na kliniki kamili sharti iwe na leseni yake, na jengo lipimwe kila kitu: upana wa korido, idadi ya masinki, hewa inaingilia wapi na kutokea wapi.

Jengo tulilopata lilikuwa ukumbi wa Wareno. Wareno wa kwetu ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na ukumbi huo wanautumia kwa sherehe yao ya kila mwaka, wanapopika supu ya nyama kwenye masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake. Mwenyekiti wao, mzee Alcino Bettencourt, alitupa funguo bila kudai kitu. Alitufungia pazia, akatuchongea meza ya kumlaza mgonjwa, akatupa chumba cha kuhifadhia viti kiwe chumba cha nesi. Korido ilikuwa nyembamba kuliko kipimo cha leseni kamili kwa upana wa viganja viwili.

"Niibomoe?" aliniuliza, nyundo tayari mkononi.

"Don Alcino," nilisema, maana kwetu mzee huitwa Don kwa heshima, "ukuta huo ndio umeshika paa."

"Basi waambie wagonjwa wapite ubavu ubavu."

Tuliamua kufungua Jumatatu na Alhamisi, saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Saa kumi mara mbili, ishirini kamili. Kabla ya kufungua niliandika barua kwa ofisi ya leseni ya jimbo nikiuliza: saa zinahesabiwa kuanzia mlango unapofunguliwa au mgonjwa wa kwanza anapoonwa? Na mgonjwa akiwa bado ndani muda ukiisha? Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Walikuwa wamenakili kifungu kilekile cha sheria nilichokuwa nimewauliza maana yake, wakanitakia kila la heri.

Jumatatu ya kwanza nilikuta watu thelathini na mmoja mlangoni. Nesi wetu alikuwa Corazon Dimaculangan, Mfilipino, mwanamke mfupi mwenye ruhusa ya kuandika dawa na sauti ya kuamrisha kikosi. Wote tulimwita Cora. Aliwatazama wale watu, akanitazama mimi.

"Dada Ofelia, umeniambia watakuja kumi."

"Nilikosea."

"Haya. Shika hicho kidaftari, wapange. Anayetapika mbele, anayelalamika nyuma."

Aliyekuwa nyuma kabisa, na aliyekuwa analalamika kuliko wote, ni Nazario Cuevas. Huyu alikuwa mmwagiliaji, mtu wa kufungua na kufunga maji kwenye mashamba ya lozi, umri miaka sitini na moja, mjane, mwenye sharubu alizozitunza kama bustani. Alikuwa na kisukari ambacho hakuwa amekitibu kwa miaka minne, na kwenye kisigino cha mguu wa kushoto buti la mpira lilikuwa limemchubua kidonda cha ukubwa wa sarafu.

"Hakiumi," alisema.

"Hapo ndipo ubaya ulipo," Cora akamjibu. "Kingeuma ungekuja mapema. Vua na hilo lingine."

"Nesi, mimi ni mwanamume mwenye haya."

"Vua, Don Nazario, kabla sijakuvua mimi."

Akavua. Kuanzia siku hiyo alikuja kila Jumatatu na kila Alhamisi kabla ya kwenda shambani. Cora alimsafisha kidonda, akamfunga, akamgombeza kuhusu soda. Ikifika saa kumi na moja kasorobo jioni mimi nilikuwa nasimama mlangoni na saa yangu mkononi kuwaambia watu waliobaki warudi siku nyingine, na Nazario, akiwa anapita kutoka shambani, alipenda kuegemea uzio na kunitania.

"Mnaona? Bi Serikali huyo! Nyie msife leo, saa zimeisha. Kufeni Jumatatu!"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, ingawa kila jioni nilirudisha watu sita, saba. Wengine walikuwa wamenibeba utotoni.

Kufikia mwisho wa mwezi wa sita kidonda kilikuwa kimebaki kama punje ya maharage. Cora alimpiga picha akamwonyesha. Yule mzee aliitazama picha ya kisigino chake mwenyewe muda mrefu.

"Kizuri," alisema. "Nipe moja nimpelekee mwanamke yeyote."

Alhamisi ya mwisho ya mwezi huo, nikiwa tayari nimeshika funguo, gari dogo liliingia kwa kasi uwanjani. Aliyeshuka alikuwa Eufrasia Tapia, anayefungasha matunda kwenye ghala, mimba ya miezi minane. Uso ulikuwa umevimba, macho hayafunguki sawasawa. Alisema kichwa kinampasuka na anaona nyota mchana. Cora alimpima presha mara moja, akampima tena, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo: "Piga simu ya gari la wagonjwa. Sasa hivi."

Gari la wagonjwa lilikuwa upande mwingine wa wilaya. Walisema watafika baada ya saa moja, labda zaidi. Kumpakia kwenye gari langu Cora alikataa. Akipata kifafa njiani, tungefanya nini, mimi nikiwa kwenye usukani? Basi tulikaa naye. Tulizima taa, tukafunga mapazia, Cora akampa dawa aliyokuwa nayo na kumlaza ubavu. Mimi nilimshika mkono. Saa kumi na moja ikapita. Mume wake alitembea huku na huku kwenye ile korido nyembamba akinong'ona sala. Saa kumi na mbili ikapita. Gari lilifika saa kumi na mbili na nusu, na ilipotimu kumi na mbili na dakika arobaini walikuwa wamemchukua.

Eufrasia alijifungua usiku huohuo mtoto wa kike. Wote wawili walipona.

Tulipobaki wawili ukumbini, Cora alikuwa anafuta meza. Daftari la saa lilikuwa mbele yangu. Kila siku niliandika saa ya kufungua na saa ya kufunga, na kuweka sahihi.

"Andika kumi na moja," Cora akasema bila kugeuka.

"Faili la Eufrasia lina saa ulizompima. Umeandika presha ya saa kumi na mbili na robo."

"Nani atalinganisha?"

"Si ndiyo kazi yao?"

"Dada, andika kumi na moja twende nyumbani."

Niliandika kumi na mbili na dakika arobaini. Sikuandika kwa ushujaa wala kwa uchamungu. Nilidhani ukweli wenyewe utatutetea. Nilidhani mtu akiona saa ile ataona na sababu yake, maana niliiandika pembeni kwa herufi safi: mama mjamzito, hali ya hatari, tunasubiri gari.

Mkaguzi alikuja mwanzoni mwa mwezi wa saba. Aliitwa Lowell Trask, mtu mrefu aliyeinama kidogo, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi. Alipima joto la friji ya chanjo, akahesabu glavu, akasifu meza ya mzee Alcino. Kisha akaomba daftari. Aliposoma ukurasa ule alivua miwani.

"Yule mama alikuwaje?"

"Alipona. Mtoto pia."

"Nimefurahi. Nasema kweli, nimefurahi." Akavaa miwani tena. "Lakini wiki hiyo mlifanya kazi saa ishirini na moja na dakika arobaini."

"Ungetaka tumweke nje?"

"Mimi sitaki chochote, mama. Kanuni inasema zaidi ya ishirini ni kliniki kamili. Kwa hiyo wiki ile mliendesha kliniki kamili bila leseni. Haina kifungu cha dharura. Nimekitafuta kabla yako, niamini, si nyinyi wa kwanza."

"Basi usiandike."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa maji na hana. "Ungekuwa umeandika kumi na moja, nisingeona. Ila sasa nimeona. Mimi naandika ninachokiona. Wanaoamua wako mji mkuu, na wao hawajawahi kufika hapa."

Cora alikuwa amesimama mlangoni. Aligeuka akarudi chumbani kwake. Ningependa angenigombeza.

Barua ilifika baada ya siku kumi na mbili. Tawi lisimamishe huduma kuanzia Jumatatu inayofuata mpaka tuwasilishe mpango wa marekebisho na mpango huo ukubaliwe. Niliuandika kwa siku mbili. Tungefunga saa kumi jioni badala ya saa kumi na moja, tubaki na saa mbili za akiba kwa wiki. Niliutuma kwa barua ya haraka. Kisha nikaanza kupiga simu.

Wiki ya kwanza waliniambia haujafika. Ya pili, umefika lakini haujasajiliwa. Ya tatu, umesajiliwa, ila anayeshughulikia wilaya yetu yuko likizo. Ya tano nilimpata yeye mwenyewe, binti mwenye sauti changa.

"Mama, faili lako nimeliona. Liko sawa kabisa."

"Basi nifungue?"

"Hapana, linasubiri sahihi."

"Ya nani?"

"Ya msimamizi. Nafasi yake haijajazwa tangu mwezi wa nne."

"Sasa nani anatia sahihi?"

Nilisikia karatasi zikigeuzwa. Kisha: "Hilo ndilo tunalojaribu kujua hata sisi."

Nilikuja kumwomba Daktari Prewitt amruhusu Cora apite nyumbani kwa wagonjwa wachache tu, wale wenye vidonda na presha. Alikuwa amenisubiri na jibu. Kliniki iko chini ya uangalizi, alisema; nesi wetu akionekana anatibu Tres Pozos wakati tumesimamishwa, hatutapoteza tawi tu, tutapoteza na leseni ya Hanley, na Hanley ina wagonjwa elfu tisa. Alisema hivyo huku akifinya macho kwa uchovu. Sikuweza kumchukia. Ningepata nguvu kidogo kama ningeweza.

Mzee Alcino alisikia akaja na gari lake hadi kwangu. "Mlete huyo nesi jikoni kwangu. Kwangu hakuna serikali. Kuna mke wangu tu, na yeye amekubali."

"Cora akikamatwa atanyang'anywa cheti, Don Alcino. Ana watoto watatu na mama yake Manila."

Alibaki ameketi garini, injini inanguruma. "Mimi nina ng'ombe mia nne," akasema. "Mmoja akichechemea, daktari wa mifugo anafika kabla ya chai."

Wagonjwa niliwapangia nafasi Hanley. Baadhi walikwenda. Nazario alikwenda mara mbili kwa lile basi la alfajiri. Lakini mwezi wa nane mavuno ya lozi yalianza, na mwaka ule maji yalikuwa ya kugombania. Msimamizi wa shamba aliwaambia wamwagiliaji kwamba asiyefika asirudi. Nazario hakwenda tena. Nilimpigia simu, akaniambia kisigino ni kizima kabisa, anakifunga mwenyewe.

"Unakiona?" nilimuuliza.

"Nakiona kwa kioo cha kunyolea. Ni kizuri kuliko mimi."

Nilimwamini kwa sababu nilikuwa na watu arobaini wa kupigia simu, na kwa sababu nilitaka kumwamini.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa nilikwenda kwake na chungu cha maharage. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyumba, amevaa buti, jasho linamtoka ingawa alikuwa kivulini. Sharubu hazikuwa zimechanwa. Kabla sijamfikia nilisikia harufu.

"Bi Serikali," alisema, "leo si Jumatatu."

"Vua buti."

"Haliwezi kutoka."

"Tangu lini?"

"Juzi. Au siku ile kabla ya juzi."

Nilimshika kwapani, tukaenda hadi garini kwangu. Njia nzima aliongea: kuhusu maji, kuhusu mti mmoja wa lozi ambao hauzai lakini hawaukati, kuhusu marehemu mkewe Benita aliyekuwa anakoroma. Nusu ya maneno yalikuwa ya homa. Hanley hatukusimama, nilimpeleka moja kwa moja hospitali ya wilaya. Walilikata buti kwa mkasi. Mimi niliyeona damu nyingi maishani mwangu niligeuza uso ukutani.

Walimkata mguu chini ya goti kesho yake asubuhi.

Cora alikuja hospitalini moja kwa moja kutoka zamu. Alisimama miguuni pa kitanda akisoma chati, mstari kwa mstari, kana kwamba kuna mahali wamekosea na yeye atapaona. Nazario alikuwa macho.

"Nesi," alisema, "sasa umebaki na kazi nusu."

Cora aliiweka chati, akatoka nje ya wodi. Nilimkuta kwenye ngazi za dharura, amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Kilikuwa kama punje ya maharage," alisema. "Wiki tatu zaidi, dada. Wiki tatu tu, kingefunga."

"Ulinambia niandike kumi na moja."

"Nilikuambia."

Nilingoja aendelee, anitukane, anipige hata. Alifuta uso kwa mkono wa koti lake, akarudi kwa mgonjwa.

Jioni, tulipokuwa peke yetu, nilimweleza Nazario habari yote ya daftari, maana niliona ni haki yake kuijua. Alinisikiliza huku akitazama dari.

"Na mtoto wa Eufrasia anaitwa nani?" akauliza.

"Amparo."

"Mnene?"

"Mnene sana."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nilisubiri aseme kwamba ananisamehe, au kwamba hanisamehei. Alifumba macho, na baada ya muda nikagundua amelala.

Kibali kilikuja tarehe ishirini na tisa ya mwezi huo. Karatasi moja. Sahihi ilikuwa ya mtu ambaye jina lake sikuwa nimelisikia katika simu zote zile. Tulifungua Jumatatu iliyofuata. Watu hawakuwa thelathini na mmoja. Walikuwa kumi na wanane, kwa kuwa wengine walishazoea kutokuja, na wengine walifuata kazi kusini. Ilipofika saa kumi kasorobo nilisimama mlangoni. Walikuwa wamebaki watano. Mmoja alikuwa mama mwenye mtoto anayekohoa.

"Alhamisi," nilimwambia.

"Tangu asubuhi niko hapa, mama."

"Najua. Alhamisi uwe wa kwanza, nitakuandika wa kwanza."

Alimweka mtoto begani akaondoka bila kuaga. Kutoka chumbani Cora aliita kwa sauti yake ya kikosi, "Saa ngapi?" nikamjibu, naye akafunga faili la mwisho. Siku hizi hatuzidishi hata dakika. Tuliomba leseni kamili pia, na ombi lilikataliwa kwa sababu ya korido. Mzee Alcino alileta fundi, na fundi akasema nilichokuwa nimekisema mimi: ukuta ule ndio umeshika paa.

Nazario hakuweza kurudi kwenye maji. Mwezi wa kumi na moja dada yake alimwita akae naye Michoacán, ng'ambo ya mpaka, katika kijiji walichozaliwa. Nilimpeleka hadi kituo cha mabasi ya mbali. Alikuwa na magongo mawili, sanduku moja, na sharubu alizozichana kwa maji. Dereva alimsaidia kupanda. Alipoketi dirishani nilisogea, nikamuuliza kama kule kijijini kwa dada yake kuna kliniki.

"Kuna daktari anapita," alisema.

"Mara ngapi?"

"Dada anasema mara moja kwa mwezi. Akipata gari."

Mlango ukafungwa. Nilibaki pale na wengine waliosindikiza watu wao, tukipunga mikono, mpaka basi likakata kona kwenye kituo cha mafuta.